Usilipie ile ziara ya miguu ya Boston kama unaenda na mzee

Nilisema nitangoja hasira zipoe ndiyo niandike. Hazikupoa, basi naandika nazo hivyo hivyo.

Kampuni siitaji jina. Ni moja ya zile zinazokupitisha mjini kwa miguu, kijana ametangulia kashika mwavuli juu ili msipotee, nyinyi nyuma kama vifaranga. Hii ilikuwa ya majengo ya serikali: jumba la jiji la zamani, jumba la jiji jipya, na mengine ambayo sisi hatukuyafikia, na sababu ya kutoyafikia ndiyo iliyonileta hapa.

Nilikuwa nimepata mgeni. Mjomba wangu kutoka Lamu, mwashi, maisha yake yote kayamaliza kwenye kuta za matumbawe na chokaa, vidole vimepasuka kama tope la kiangazi. Mimi nakaa Lowell, mji wa jirani na Boston huku Marekani, ambako Wakenya tumejaa hata ukiishiwa na unga wa ugali hukosi mlango wa kugonga. Wiki ya kwanza mzee alikuwa haambiliki: asubuhi chai, halafu bakora mkononi, huyoo kwenda kulitazama jumba la jiji la Lowell, lile la graniti la mwaka 1893 lenye mnara wa saa. Analizunguka. Anarudi. "Hawa mafundi walikuwa na subira," ananiambia, kisha anaomba chai nyingine. Nilipoona tangazo la ziara ile, dola 35 kwa kichwa, nikaona hii imeandikwa kwa ajili yake. Tukapanda treni mpaka North Station, mzee kavaa koti langu la baridi juu ya kanzu.

Kituo cha kwanza kilikuwa kizuri, sitakuwa mchoyo wa kweli. Ni lile jumba la zamani la School Street, lililoanza kazi 1865, mtindo wa Kifaransa wa enzi za Napoleon III: paa limebonyea kama kofia ya mkubwa fulani, nguzo zimesimama mbili mbili, ghorofa juu ya ghorofa. Kijana akaeleza kwamba Philadelphia nao waliufuata mtindo huo mpaka wakapitiliza: walianza 1871, wakamaliza 1901, mnara wa futi 548, juu yake sanamu ya William Penn, na chini kuta zenye unene unaopita mita 6.

Nilipomtafsiria hilo la mita 6 mjomba alisimama. Akapima kwa hatua pale kwenye lami, moja, mbili, mpaka sita na kidogo, akageuka: "Hiyo si nyumba, mwanangu, ni ngome. Walikuwa wanamwogopa nani?" Mama mmoja wa kundi letu akauliza mzee kasema nini, nikamwambia, akacheka kwa raha. Kijana wa mwavuli hakungoja. Alikuwa keshavuka.

Hapo ningejua. Lakini mbele ya jumba lile kuna punda wa shaba, wa ukubwa wa punda hasa, na ukimweka mtu wa Lamu mbele ya punda umemaliza. Mzee alimkagua masikio, akampapasa mgongo, akasema hajaona punda mtulivu namna hii tangu azaliwe. Nilipomwambia ni alama ya chama cha Democratic alifikiri namtania.

Sasa jumba jipya.

Kama hujaliona: ni zege tupu, kubwa, limejengwa kama lililopinduliwa. Juu limejaa madirisha ya safu kwa safu na limetokeza nje, katikati kuna masanduku makubwa ya zege yaliyochomoza kila moja kwa umbo lake, chini kumeachwa wazi, matofali ya uwanja yakapanda na kuingia ndani. Mara ya kwanza nilipolipita, miaka ile nimefika tu, nilidhani ni gereji ya magari ambayo hawajaimaliza. Sijidai kwamba nililipenda. Mpaka leo, siku za upepo, ukivuka uwanja ule unajiuliza umemkosea nani.

Kijana akasimama akaligeuzia jengo mgongo. Akasema hili ndilo jengo baya kuliko yote nchini. Halafu akauliza, nadhani ni mzaha anaourudia kila siku: nani hapa angependa libomolewe leo leo? Watu wakainua mikono huku wanacheka.

Mjomba akaona mikono. Akadhani mtu ameuliza nani anataka kuingia. Naye akainua wake, juu kabisa, na bakora ndani yake.

"Hata babu!" kijana akapiga kelele, na kundi zima likaangua kicheko, na mzee akacheka nao kwa sababu yeye ni mtu wa adabu, wenzako wakicheka unacheka. Kisha akaniinamia sikioni: "Haya, mlango uko wapi?"

Nitasema nini? Sikumtafsiria. Mpaka anarudi Lamu sikumtafsiria.

Tukaambiwa dakika 10, mwenye haja ya choo kipo ndani, ziara yenyewe haiingii. Nikauliza, kwa upole wote niliokuwa nao, kwa nini haiingii, maana jumba la jiji ni la watu na mlango uko wazi. Akanijibu huku anatazama simu kwamba ndani hakuna cha kuona, na nikitaka maelezo zaidi intaneti ipo. Dola 70 nimelipa, za watu wawili, niambiwe intaneti ipo.

Tukaingia. Mlangoni kuna ukaguzi kama wa uwanja wa ndege, bakora ikapita kwenye mashine, mzee akaona ajabu. Ajabu ya pili: unaingia moja kwa moja kutoka uwanjani, hujapanda hata lifti, unaambiwa uko ghorofa ya 3. Mji umeinama upande wa pili, na jengo limeufuata mteremko. Mjomba alilielewa hilo kabla yangu. "Wamekalia kilima," alisema.

Halafu akafika ukutani, na hapo ndipo dakika zilipokwisha.

Alivua glavu. Akaweka kiganja kwenye zege, akakishusha taratibu, akakipandisha. Mimi nilikuwa naona ukuta wa kijivu. Akaniambia weka mkono. Nikaweka. Mbao! Ukuta una mistari ya mbao, nyuzi zake zote, mpaka mahali pa kifundo, zimenata kwenye zege tangu siku lilipomwagwa. Yaani kuna fundi aliyepanga ubao kwa ubao, akamwaga, akasubiri, akabandua, na ubao ule umeoza zamani lakini sura yake ipo. Mzee akahama sehemu nyingine, laini zaidi na nyeupe kidogo, akagonga kwa kucha. "Lile limemwagwa hapa hapa. Hili limeletwa likiwa tayari." Na ni kweli, nilihakikisha baadaye: jengo limechanganya zege la kumwaga papo hapo na vipande vilivyotengenezwa kwingine vikaja kupachikwa. Mtu hajui Kiingereza cha kuombea maji, kalisoma jengo kwa kucha.

Askari wa pale alitutazama, akamtazama mzee anavyoupapasa ukuta kama mgongo wa punda, akaamua kutazama kwingine. Mungu amjalie.

Tukakaa kidogo zaidi, kwa sababu mwanga unashuka kutoka juu kabisa, kwenye mianya mirefu kati ya zege, na mzee alitaka kujua unatokea wapi. Aliniambia yale masanduku yaliyotokeza nje ni wikio tu, kile chumba cha Lamu kinachovuka juu ya kichochoro watu wakapita chini yake. Nikamweleza kwamba mle ndimo anamokaa meya na baraza lake, na kwamba waliolichora jengo walitaka mtu akiwa nje ajue wakubwa wamekaa wapi. Akaguna. Akasema kujua wamekaa wapi ni jambo moja.

Tulipotoka, dakika 14, labda 15, hakuna mwavuli. Hakuna mtu. Uwanja mzima, upepo, njiwa. Nikapiga ile namba, haipokelewi. Baadaye ukaja ujumbe: ziara huzingatia muda, wanaochelewa hupoteza haki yao. Mzee wa bakora! Wangemtazama tu nyuma mara moja!

Usiku ule sikulala. Nikakaa na simu kusoma habari za jengo lile, si kwa mapenzi, nilikuwa natafuta mawe ya kumtupia kijana kwenye barua ya malalamiko. Na nikayapata. Kumbe mwaka 1962 yalifanyika mashindano, michoro 256, wakashinda watu wa chuo kikuu cha Columbia, Gerhard Kallmann, mzaliwa wa Berlin, na Michael McKinnell, Mwingereza ambaye hata miaka 30 hakuwa ameifikisha. Kumbe mwaka 1976 wanahistoria na wasanifu walipoulizwa kuhusu majengo bora ya Marekani, hili lilikuwa miongoni mwa ya juu kabisa. Kumbe meya Thomas Menino alitaka kuliuza 2006 akahamie ufukweni, likamshinda. Na mwaka 2025 jiji lenyewe limelitangaza kuwa jengo la kulindwa. Kwa hiyo wale walioinua mikono watangoja sana.

Ila, na hapa hasira yangu inapoteza njia kidogo, nilisoma pia kwamba ili kupata kiwanja walibomoa mtaa mzima, Scollay Square, maduka, mabaa, majumba ya burudani, watu na mazoea yao, wakaacha matofali matupu. Msanifu majengo I. M. Pei ndiye aliyepanga eneo lote, huyo huyo ambaye baadaye aliwachorea Dallas jumba lao la jiji la 1978, lile linaloinama mbele kama linataka kukuangukia. Nilipomsimulia mjomba asubuhi yake kuhusu mtaa uliobomolewa alinyamaza muda mrefu. "Hapo sasa," alisema, na hakusema zaidi. Kwa hiyo ningekuwa mwongozaji, ningeweza kulisema vibaya jengo lile kwa nusu saa na kila neno likawa la haki. Kijana hakulisema vibaya. Alilifanyia mzaha, akalipa mgongo, akatutupa sisi pamoja nalo.

Na niseme jambo la ajabu: tulipoachwa hatukuondoka. Uwanja ule wameukarabati, umefunguliwa upya 2022, sasa una pa kukaa na miti, si lile jangwa la matofali lililolalamikiwa miaka yote. Mzee alichagua mahali pasipo na upepo mkali, akakaa, akaweka bakora magotini, akaniuliza wale wanaokaa kule juu na meya wanaitwaje. Nikamwambia baraza la jiji. Akapiga pale alipokalia, tap tap. "Baraza ni hii." Tukala sambusa za nyumbani zilizokwisha kupoa. Kwa kweli ilikuwa saa nzuri kuliko zote za safari yake, kwa hiyo ukinibana sana nitakiri kwamba wasingetuacha tungekuwa tunakimbizwa mahali kwingine nyuma ya mwavuli. Nilikaribia kuwapa nyota mbili kwa hilo. Nikasema moja inatosha, nayo ni ya punda.

Nilidai pesa zangu. Wakanitumia kuponi ya punguzo kwa ziara nyingine.

Mjomba amerudi kwao. Juzi kapiga simu, baada ya salamu za nyumba nzima akaniomba picha, si ya jengo, ya ule ukuta, pale penye kifundo, kuna kijana anamfundisha kazi anataka amwoneshe. Nikashika treni siku ya mapumziko yangu nikaenda. Natoka na picha yangu, nakuta kundi limesimama uwanjani, mwavuli juu, kijana yule yule kalipa jengo mgongo, anauliza nani angependa libomolewe leo leo. Mikono ikapanda. Akanitazama usoni, akanipita, hakunikumbuka hata kidogo.

Ile nyota ya punda nimeifuta.