Mashine za kukatia ua: tuanze na visu

Habari zenu watazamaji. Mezani leo kuna mashine tatu za kukatia ua wa mimea: ya waya, ya betri na ya petroli. Swali la kwanza huwa ni ipi yenye nguvu. Mimi naanza na visu, kwa sababu mashine ikikwama ndipo mtu hushawishika kuingiza kidole, na kisu kilichotelekezwa hakichelewi kukwama.

Tazama hapa. Visu ni viwili, kimoja juu ya kingine. Kwenye hii vyote vinakwenda, kimoja mbele kingine nyuma, ndiyo maana mtikisiko ni mdogo. Zile ambazo kisu kimoja tu ndicho kinachokwenda hutia mikono ganzi mapema. Sasa pima nafasi kati ya jino na jino: hii ya betri ina milimita 18. Tawi nene kuliko hapo likate kwa mkasi wa matawi au msumeno wa mkono. Urefu wa kisu wa sentimita 45 hadi 55 unatosha ua wa kawaida. Cha 65 kinafika mbali, lakini uzito wote unahamia mbele.

Swichi nazo. Nikibonyeza moja, haiwaki; inataka mikono yote miwili. Nikiachia mkono mmoja, visu vinasimama ndani ya sekunde moja. Ukiletewa mashine ambayo swichi moja imefungwa kwa utepe ili ifanye kazi kwa mkono mmoja, ikatae.

Kabla ya kuwasha, pita ukikagua ua wenyewe: waya wa seng'enge uliomezwa na majani, nguzo za chuma, kiota cha ndege. Vaa miwani ya kukinga macho, glavu na viatu vilivyofunika miguu; kwa ya petroli ongeza kinga ya masikio. Ya waya ichomeke kwenye soketi yenye kinga ya miliampia 30, ile inayokata umeme mara unapovuja, na waya upitishe begani ubaki nyuma yako. Ua ukiwa umelowa, kazi ya umeme isubiri.

Pembeni anza chini ukipanda juu, ili vilivyokatwa vidondoke bila kuziba unapokwenda. Acha chini pawe panapana kidogo kuliko juu, la sivyo majani ya chini yanakosa mwanga na ua unatoboka. Ngazi na mashine hii haviendani, maana mikono yote miwili iko kazini na huna wa kujishikia. Ua mrefu unataka mashine yenye mpini mrefu, nawe ukibaki chini.

Imekwama? Achia swichi, chomoa betri au waya. Ya petroli zima, kisha vua kofia ya plagi. Hapo ndipo uchomoe tawi, kwa koleo. Kuachia swichi peke yake hakutoshi: tawi likitoka, kisu kinaweza kuruka kidogo kwa msukumo uliobaki, na kidogo hicho kinatosha kukata kidole.

Kila ukimaliza kazi, piga brashi, toa utomvu kwa dawa ya kuyeyusha, kisha pitisha oili nyepesi. Utomvu ukikauka, visu vinakwaruzana, vinapata moto na mota inanuka kuungua. Ncha za majani zikitoka zimechanika na baadaye kugeuka kahawia, ama makali yameisha ama nafasi kati ya visu imeachia. Hii ya pili husahaulika sana! Kama visu vyako vina bolti za kurekebisha, kaza kila moja hadi ishike, irudishe nyuma robo hadi nusu mzunguko, ishikilie hapo ukikaza nati. Mashine ikiwa bado imezimwa, ile pete bapa ya chuma iliyo chini ya kichwa cha bolti iweze kuzunguka kwa kidole.

Kunoa ni kwa tupa bapa, ukifuata mlalo wa kiwandani, upande mmoja tu kuelekea kwenye makali, mara tatu au nne kila jino. Uso bapa ambapo visu vinakutana usiutie tupa. Ondoa tu vinyuzi vya chuma kwa jiwe la kunolea. Giaboksi yenye chuchu ya grisi, yaani kitundu cha kuingizia grisi, ipe grisi kidogo kila baada ya saa 20 hivi za kazi, au kama kitabu chake kinavyoagiza. Ukijaza kupita kiasi itachomoza kwenye sili.

Ya petroli niliyonayo inataka 50 kwa 1: lita 1 ya petroli, mililita 20 za oili ya tu-stroki. Oili ikipungua pistoni inakwama. Ikizidi, moshi unajaa na plagi inachafuka. Usiiweke ikiwa na mafuta ndani kwa miezi, kabureta itaziba.

Kwa ua wa nyumbani nachagua ya betri. Ukiiweka muda mrefu, betri ikae nje ya mashine, ikiwa na chaji kama nusu, mahali pakavu pasipo joto, na visu vivalishwe ala yake.