Kadi ya kijivu: ipi ununue, ipi uiache dukani

Malalamiko ya rangi ninayoletewa na wasomaji yanafanana mno. Mtu amenunua kadi ya kijivu, ile inayopigwa picha ili kamera ijue kijivu kisichoegemea rangi yoyote na kurekebisha nyingine kwa kuifuata, amefuata maelekezo neno kwa neno, na bado bibi harusi ametoka na uso wa kijani. Wengi hujilaumu, wengine huisingizia kamera. Kadi yenyewe haishukiwi na mtu.

Ukubwa, mfuko na kamba nawaachia wengine. Swali langu ni moja: kijivu hiki hubaki kijivu taa ikibadilika?

Kijivu halisi hurudisha mwanga wa buluu, kijani na nyekundu kwa kiasi kilekile, na yote iliyo katikati. Sasa kuna kadi zilizochapwa kwa kuchanganya wino wa rangi. Kando ya dirisha zinaonekana kijivu safi, kwa sababu jicho hujumlisha tu, halichambui. Ipeleke kadi hiyohiyo chini ya taa ya LED, ambayo mwanga wake una kilele cha buluu na pengo mara baada yake, nayo inaanza kuvuta kwenye uwaridi au ukijani. Kamera haijui. Umeiambia hicho ndicho kijivu, basi itaondoa uwaridi ambao haupo kwenye tukio, na ngozi ya mtu ndiyo italipa.

Kuipima ni rahisi. Tafuta ule utepe mweupe ambao mafundi bomba huzungushia kwenye nyuzi za maungio, ukunje tabaka juu ya tabaka hadi usipenyeze mwanga, uulaze kando ya kadi. Utepe huo ni wa PTFE, aina ya plastiki, ambayo hurudisha rangi zote za mwanga karibu sawasawa. Vibao vyeupe vya rejea vya maabara hutengenezwa kwa PTFE pia. Piga picha za RAW, yaani faili ghafi ambazo kamera haijazichakata, moja kando ya dirisha na nyingine chini ya taa. Katika kila moja, sahihisha mizani ya weupe (yaani mrekebisho unaofanya nyeupe na kijivu visiwe na rangi) kwa kubofya utepe, kisha soma namba za kadi, yaani nyekundu, kijani na buluu. Ikiwa dirishani inasoma 150, 150, 149 na chini ya taa 157, 149, 142, hiyo ibaki ya kupimia mwanga. Angalia tu utepe usiungue kwa mwanga mwingi, maana chaneli moja, yaani moja ya hizo rangi tatu, ikijaa, namba zote ni bure.

Namba moja kwangu ni WhiBal, na upendeleo wangu sifichi. Ni plastiki yenye rangi hadi ndani, si rangi iliyopakwa juu. Ikichafuka unaiosha, ikikwaruzwa unaisugua kwa msasa laini na kazi inaendelea. Kijivu chake kimepauka kuliko kile cha 18%, yaani kinachorudisha asilimia 18 ya mwanga, na hapo ndipo penye faida: sehemu za giza kwenye picha huwa na chenga nyingi (vidoa vya kelele za kihisi), na chenga huyumbisha usomaji.

Namba mbili ni ColorChecker Passport, chati ndogo ya viraka vya rangi, ambayo ingepanda juu kama unapiga picha za vitambaa, michoro au bidhaa. Mizani ya weupe hunyoosha kijivu peke yake. Wekundu wa gauni unaweza kubaki umepotoka. Viraka 24, mpangilio uliopo tangu 1976, huiwezesha programu kutengeneza profaili ya kamera yako, yaani jedwali la kurekebisha rangi zake. Ila kwa mizani ya weupe tumia ule ukurasa mzima wa kijivu, si viraka vidogo. Kinachoniudhi kwenye chati za aina hii kwa ujumla ni bei yake, ukizingatia kwamba rangi huchuja, alama za vidole hubaki, na baada ya miaka michache unaambiwa ununue nyingine.

SpyderCube, mchemraba mdogo, inafuata. Ina nyuso za kijivu na nyeupe, kitundu cheusi na kijigololi kinachong'aa, hivyo inakuonyesha pia weusi na mng'ao. Ni nzuri mezani kwa picha za bidhaa.

ExpoDisc naiweka nne. Inakaa mbele ya lenzi na kusoma mwanga unaokuja, kwa hiyo lazima usimame alipo unayempiga na uielekeze kamera kwenye chanzo cha mwanga. Wengi husimama walipo, halafu wanalalamika.

Seti za kadi tatu za bei ya chini: zipime kwa utepe, basi. Karatasi ya printa hata usijaribu. Ina ving'arishi vinavyogeuza miale ya urujuanimno kuwa mwanga wa buluu, na kamera hujibu kwa kuipaka picha yako manjano.

Sasa wauzaji. "Kijivu cha 18%" kimeandikwa kila mahali kwa herufi kubwa, kana kwamba ni cheti cha usafi. Namba hiyo inasema kadi hurudisha mwanga kiasi gani, haisemi kama inazirudisha rangi zote sawa. Kadi za 18% ziliwekwa kwa ajili ya kupimia mwanga, na inayofaa kwa kazi hiyo inaweza kuwa mbovu kabisa kwa mizani ya weupe. Nikiomba mchoro wa spektra, unaoonyesha kadi hurudisha kila rangi ya mwanga kwa kiasi gani, natumiwa picha ya boksi. Na picha yenyewe, tazama vizuri, mara nyingi kadi iliyomo ni ya bluubluu. Anayejiamini angeuchapa mchoro huo nyuma ya kadi, nafasi ipo tele.