Kusalimisha gobore Sikonge, Tabora: mapokezi mazuri, mikono mitupu

Nianze na kilichonifurahisha: heshima. Tulipopeleka gobore la marehemu baba wakati wa msamaha wa kusalimisha silaha kwa hiari, hakuna aliyetufokea wala kuuliza baba alilipata wapi. Tulipitia kwa mtendaji wa kijiji, akatusindikiza hadi polisi wilayani. Askari alimwamkia mama shikamoo kwanza, ndipo akalikagua kama limeshindiliwa baruti, akaandika, kaka akatia sahihi, tukaruhusiwa. Kwa familia iliyoishi miaka na hofu ya kushtakiwa, hilo ni jambo kubwa.

Kinachoniuma ni kwamba tuliondoka bila chochote. Gobore lile halikuwa la ujambazi. Lilifukuza nguruwe pori na ngedere kwenye mahindi, na msimu wa asali baba aliingia nalo porini. Mwaka uliofuata mama alikesha shambani akipiga debe, na nguruwe wakaingia vilevile. Majirani waliyaona yote hayo. Wapo ambao mpaka leo wameficha ya kwao darini, na siwezi kuwalaumu.

Ndiyo maana naiomba serikali itenge fungu kwenye bajeti la kuwapa chochote wanaosalimisha. Australia, baada ya mauaji ya Port Arthur ya mwaka 1996 yaliyoua watu 35, waliongeza tozo ya afya kwa asilimia 0.2 ya kipato kwa mwaka mmoja, na bunduki zaidi ya 640,000 zikanunuliwa na kuharibiwa. Ila zile zilikuwa za kiwandani. Huku kwetu gobore hufuliwa na fundi wa kijijini kwa bomba la chuma. Ukitangaza fedha taslimu, watu watafua mapya wayalete kuuza.

Mimi naona ya Msumbiji inatufaa zaidi. Kuanzia 1995 Baraza la Kikristo la huko, Askofu Dinis Sengulane akiwa mstari wa mbele, liliwapa watu cherehani, baiskeli, majembe na mabati, wao wakatoa bunduki, nazo zikakatwakatwa. Sisi wa Tabora tupewe mizinga ya nyuki ya kisasa. Mwenye gobore mara nyingi ndiye huyohuyo mrina asali, pori analijua, na mzinga utamlipa kila msimu. Mahindi mzinga hauyalindi, hilo nalikubali, kwa hiyo askari wa wanyamapori nao wawezeshwe kufika haraka kijiji kinapoita. Hayo mawili yaende pamoja, la sivyo mkulima atarudi kwa fundi.

Anayetaka kwenda, asikilize tangazo la msamaha. Umoja wa Afrika umetenga Septemba ya kila mwaka hadi 2030 kwa kazi hii. Toa baruti na goroli kwanza. Usilibebe barabarani kabla mtendaji hajajua. Na omba karatasi yenye mhuri. Sisi tulipewa baada ya kuomba.