Bird 43: mita ya wati isiyojua kusifia

Kama unataka mita ya kukusifia, Bird 43 usiinunue. Ni kifaa cha kupima nguvu ya mtambo wa redio inayokwenda kwenye antena. Haina kioo cha dijitali wala betri; ni kisanduku cha chuma chenye sindano moja. Yangu niliinunua kwenye uwanja wa mitumba wa Hamvention, maonyesho ya redio za ridhaa, Xenia, Ohio, kwa dola 180 baada ya kuvutana bei na mzee mmoja, naye akaniongezea elementi ya 100H.

Elementi ndiyo roho ya kifaa hiki. Ni kipande cha duara kinachochomekwa katikati: 100H ni wati 100, kwa megahezi 2 hadi 30. Mshale ukielekea antena unasoma nguvu inayokwenda, ukiugeuza unasoma inayorudi. Ila zinauzwa mojamoja, na usahihi ni asilimia 5 ya kipimo kizima, si ya namba unayoisoma. Mtambo wangu wa kurushia, Johnson Viking Ranger, hutoa wati 40 hivi. Kwa 100H hizo zinaweza kuwa 35 au 45. Ikabidi nitafute 50H, kosa likashuka hadi wati 2.5.

(Ranger ilitangazwa kuwa na wati 65 za AM, yaani kutuma sauti kwa kubadilisha ukubwa wa wimbi la redio. Hizo ni za kuingia kwenye valvu ya mwisho, ile 6146. Antena haizioni. Mita ya bei chee niliyokuwa nayo zamani ilikuwa ikinipa 60, nami nikifurahi.)

Sasa AM yenyewe. Ukinyamaza mbele ya maikrofoni, sindano inatulia kwenye 40: wimbi mbebaji peke yake, lile linaloibeba sauti, na hapo naiamini kabisa. Ukianza kuongea inatikisika kidogo tu, na waliozoea SSB, njia isiyotuma mbebaji na ambayo sindano hurukaruka kwa sauti, hudhani mtambo una kasoro. Hauna. Modulesheni, yaani kiasi ambacho sauti inalibadilisha wimbi, ikifika asilimia 100, volti za kilele huwa mara mbili ya zile za mbebaji, na nguvu mara nne, yaani wati 160. Bird ya kawaida haivioni vilele hivyo. Anayevitaka atafute 43P, toleo linalosoma vilele. Na sheria ya Marekani ya redio za ridhaa huhesabu kilele, kikomo wati 1500, kwa hiyo mbebaji wa wati 375 wenye modulesheni kamili tayari umegusa dari. Wenye mitambo mikubwa wasiitegemee hii peke yake.

Mimi vilele navipima kwa osiloskopu (chombo kinachochora volti kwenye kioo), probu ya kupunguza volti mara kumi, kwenye mzigo bandia wa omu 50, yaani kipinga kinachomeza nguvu badala ya antena. Chukua volti kutoka bonde hadi kilele, zizidishe kwa zenyewe, gawanya kwa 400, upate wati. Mbebaji wangu unaonyesha kama volti 126. Nikiita "haloo" ya kifua, zinakaribia 250.

Ukiikuta ya mitumba, usiikimbie kwa sababu ina viunganishi vya aina ya N na kebo zako zina plagi za aina ya PL-259. Vinabadilishwa kwa bisibisi tu. Kagua elementi, maana iliyowahi kuanguka sakafuni husema uongo bila haya. Naipa nyota nne. Ya tano wameila wauza elementi.