Hifadhidata ya Retraction Watch: nyenzo muhimu kwa mtafiti
Kabla ya kunukuu makala yoyote ya kitabibu, mimi huitafuta kwanza katika hifadhidata ya Retraction Watch, orodha ya makala za kisayansi zilizofutwa na majarida, ambayo data zake zote zinapatikana bila malipo tangu Crossref, shirika la kusajili machapisho ya kitaaluma, ilipoinunua mwaka 2023. Thamani yake kubwa ni kwamba hutaja sababu ya makala kufutwa, iwe ni data za kubuni, wizi wa maandishi au kosa lisilo la makusudi, ilhali matangazo ya majarida mengi huificha kwa maneno ya jumla. Haiwezi, hata hivyo, kuwaharakisha wahariri: jarida la The Lancet lilichapisha utafiti wa daktari Andrew Wakefield uliohusisha chanjo na usonji mwaka 1998, likaufuta kikamilifu mwaka 2010, na kwangu uzembe huo wa miaka 12 hausameheki.