TAHADHARI: Nyumba ya kulelea wazee Dar, usilipe kabla hujaiona usiku

Wakuu, jana jioni kwenye grupu la WhatsApp la mtaani kwetu limetumwa tangazo la nyumba ya kulelea wazee. Jina jipya, namba mpya, picha zilezile: shuka nyeupe, maua mezani, na kwenye kiti cha kona kuna mzee mwenye baraghashia na kikoi cha kijani. Yule mzee ni baba yangu. Tulimtoa pale mwezi wa tatu, na hakuna aliyetuomba ruhusa ya kumpiga picha. Ndiyo maana naandika.

Jina la nyumba silitaji, malalamiko yako kwa afisa ustawi wa jamii wa manispaa na sitaki kuvuruga. Hata hivyo jina lingewasaidia nini, wakati linabadilika? Shikeni dalili.

Najua wapo watakaosema mzazi hapelekwi kulelewa na watu baki. Na mimi nilikuwa nasema hivyohivyo, mpaka mzee akapata kiharusi juu ya kisukari alichokuwa nacho, na madada wa kazi wawili wakaondoka ndani ya mwezi mmoja. Kazi yangu ni ya zamu.

Siku ya kwenda kuangalia tulipokelewa na juisi. Mama mwenye nyumba anajiita nesi, maneno yake matamu, na ukutani ametundika cheti cha BRELA na leseni ya biashara kwenye fremu. Hapo ndipo nilipoingizwa mjini. BRELA inasajili jina la biashara, manispaa inakupa leseni ya kufanya biashara. Hakuna karatasi kati ya hizo inayosema huyu mtu anajua kumgeuza mgonjwa kitandani. Wa kuulizwa kuhusu makazi ya wazee ni ustawi wa jamii, na nesi wa kweli ana leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga yenye jina lake. Sikuuliza hata kimoja. Nikalipa miezi miwili, laki sita na nusu kwa mwezi, risiti ya kuandika kwa mkono, si ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi.

Kutembelea ni Jumapili, saa nane hadi saa kumi, na lazima upige simu kwanza. Kila tukienda tunamkuta mzee ameogeshwa, ananukia poda. Mimi nikaona hawa watu wana utaratibu kweli.

Kuna siku zamu yangu ikafutwa, nikapita saa tatu usiku bila kupiga simu. Mlango wa korido ulikuwa na kufuli kwa nje. Ufunguo anao dada wa zamu, na dada katoka kwenda kununua vocha. Ndani wazee tisa, kila dirisha lina nondo. Mtungi wa kuzimia moto upo ukutani, umepakwa rangi vizuri, ila mshale wake umelala kwenye nyekundu, yaani presha hakuna. Nilisimama pale kama dakika ishirini nawaza umeme ukipiga shoti.

Dada aliporudi nikaingia. Mzee kalala chali kwenye godoro lililovishwa nailoni, shuka imelowa. Nilipomgeuza nikaona kidonda juu kidogo ya makalio, ukubwa wa sarafu ya mia mbili, kingo zake nyeusi. Mtu asiyeweza kujigeuza anatakiwa ageuzwe karibu kila baada ya saa 2. Huyu binti aliniambia yuko peke yake kuanzia jioni hadi asubuhi, hajasomea chochote, na mshahara hajaona miezi miwili. Yeye simlaumu.

Nikaomba insulini ya mzee. Akafungua friza, akaitoa kati ya mfuko wa samaki changu na zile barafu za kuuza. Imeganda kama jiwe. Insulini ambayo haijafunguliwa inatakiwa nyuzi 2 hadi 8, na ikishaganda ni ya kutupa hata kama imeyeyuka na inaonekana safi. Tulipompima hospitali usiku ule sukari ilisoma 24, juu mno, na mimi wiki nzima nilikuwa nagombana na mzee kwa simu nikidhani anakula ovyo.

Ila kilichonimaliza ni karatasi ya dawa iliyobandikwa ukutani. Dozi ya saa nne usiku ilikuwa tayari ina tiki, na saa nne haijafika. Dozi za kesho yake asubuhi nazo zina tiki, kalamu ileile, mkono uleule. Nilipiga picha.

Mzee alilazwa siku tisa. Mama mwenye nyumba anasema kidonda alikuja nacho, na mkataba unasema hela hairudi. Sina cha kumjibu, kwa sababu siku ya kumpeleka hatukumkagua mwili pamoja na kuandikishana. Ukimpeleka mzazi popote, mvue shati mbele yao, kagua mgongo, makalio na visigino, piga picha, wote mtie saini. Aibu ya dakika tano.

Afisa ustawi alipokwenda alikuta geti limefungwa na kibao kimeng'olewa. Sasa wamefungua kwingine, na hapo wanapotangaza ni "karibu na barabara kuu", bila mtaa.

Kama mzee wako yuko kwenye nyumba inayokutaka upige simu kabla ya kwenda, nenda leo baada ya isha. Usimpigie mtu. Ukikuta kufuli kwa nje, mwite mjumbe wa mtaa aje alione kwa macho yake kabla hawajalifungua.