Altrasaundi ya tumbo: nimenyweshwa maji, nikaambiwa nina gesi

Nyota ngapi, sijui. Siku ile ilikuwa sifuri. Juzi nilipoa nikasema tatu. Leo nimeyakumbuka yale maji, hasira imerudi.

Ni kama mwezi hivi umepita. Tumbo lilianza usiku, katikati ya kitovu, nikalaumu chipsi mayai. Kulipokucha maumivu yamehamia chini kulia, natembea nimejikunja kama ndoano. Mke wangu akaita bajaji, tukaenda hospitali ya jirani. Siitaji jina, wenyewe wakisoma watajijua.

Hakuna aliyenigusa tumbo. Lipa kwanza, elfu 30. Kisha dada wa altrasaundi akachungulia mlangoni, hata shikamoo hakuna: "Umekunywa maji?" Namwambia, mwanangu, natapika tangu usiku. "Kanunue chupa kubwa umalize yote, mkojo ukikubana rudi." Mlango pa!

Lita moja na nusu. Nakunywa, natapika, nakunywa tena, mwanamume peke yangu kwenye benchi la wajawazito, na kitambi changu hiki. Mama mmoja mwenye mimba kubwa ndiye aliyesimama ili mimi nijilaze. Nilipobanwa kwelikweli nikaambiwa mpimaji kaenda kunywa chai. Chai! Nimewahi kubanwa kwenye basi la mkoani dereva kagoma kusimama, lakini hilo lilikuwa raha.

Aliporudi, jeli ya baridi, dakika tatu hazikufika, na simu sikioni. "Gesi tu hiyo mzee, punguza maharage." Kwenye karatasi wameandika kidole tumbo, kile kijibomba kilichoning'inia kwenye utumbo mkubwa, hakikuonekana. Mimi na mke wangu tukashukuru Mungu, tukajua kiko salama. Kumbe wapi! Hakikuonekana maana yake hawakukiona, basi. Gesi inaweza kukiziba, au kimejificha nyuma ya utumbo, na kitambi nacho kinazuia.

Hayo nilielezwa mchana huohuo hospitali ya pili, homa ishapanda. Daktari binti, sawa na mwanangu wa pili. Alianza kwa mkono: akabonyeza, akaachia ghafla, nikapiga ukelele. "Pole baba. Nioneshe kwa kidole kimoja panapouma zaidi." Kifaa akakiweka palepale, anakandamiza taratibu, anaisukuma gesi pembeni, "vumilia baba, kidogo tu". Mara akanigeuzia kioo: kijibomba kimevimba, milimita 11, akikibonyeza hakibonyei. Kizima, anasema, kwa kawaida hakizidi 6. Na mashine yenyewe ya magurudumu, imechakaa kuliko ile ya asubuhi! Bila mionzi, bila sindano, jibu limepatikana nikiwa kitandani. Hapo altrasaundi ningeipa tano.

Ila nilipopelekwa kupasuliwa, mtu wa usingizi akauliza mara ya mwisho nimekula au kunywa nini. Nikamsimulia ile chupa. Akashika kichwa. "Nani kakunywesha?" Kumbe mwenye tumbo la ghafla, ambaye huenda akapasuliwa, hanyweshwi hovyo. Maji ya kujaza kibofu ni ya kutazamia kibofu chenyewe, na kizazi kwa akina mama. Mimi kizazi nakitoa wapi?

Nyota mpeni yule binti. Elfu 30 yangu naidai, pamoja na hela ya maji.